Mfumo wa nyaraka wa chuo cha mafunzo: yanayoamuliwa kabla ya kununua programu

Mwajiri wa Singida anaandika barua kuuliza kama cheti cha ufundi umeme alicholetewa na kijana kilitolewa na chuo chenu mwaka 2017. Wakaguzi wa NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, wanataka kuona mahudhurio ya kundi lililomaliza mwaka juzi, mtaala uliokuwa ukitumika wakati huo, na sifa za mkufunzi aliyelifundisha. Wizara iliyoleta watumishi kwenye kozi ya siku tano inadai nakala ya risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) na orodha ya waliohudhuria. Chuo kinachojibu maswali haya ndani ya nusu saa, bila kumpigia simu mtu aliyekwishahama kazi, kina mfumo wa nyaraka hata kama ni wa makabati tu. Kisichoweza, kikinunua programu leo, kitakuwa kimehamishia fujo yake kwenye kompyuta.

Dodoma ina taasisi za mafunzo za kila namna: vyuo vya umma, vituo vya ufundi stadi vya madhehebu ya dini, na kampuni ndogo zinazokodi ukumbi na kuendesha kozi fupi kwa watumishi wa Serikali. Taasisi za umma zina njia yao. Zinaongozwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002, zinapata miongozo ya masjala kutoka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na nyingi zinatumia e-Office, mfumo uliotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Maelezo haya yanawalenga hasa wale wengine, wenye watumishi kati ya watano na arobaini, ambao lazima wajipangie wenyewe.

Nyaraka za aina mbili, na kwa nini zikichanganywa kila kitu huharibika

Chukua fomu ya maombi ya kujiunga. Ikiwa tupu, ni kitu kinachobadilika: mwaka huu mmeongeza nafasi ya namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mwakani mtaondoa swali lisilo na kazi. Ikishajazwa na kusainiwa haibadiliki tena. Ni ushahidi wa kile mwombaji alichosema siku ile. Mtaala, mwongozo wa mkufunzi, ratiba na sera ya ada viko upande wa fomu tupu. Mahudhurio yaliyosainiwa, matokeo yaliyopitishwa, mikataba, risiti na rejista ya vyeti viko upande wa fomu iliyojazwa.

Mahitaji ya pande hizi mbili yanapingana, na hapa ndipo vyuo vingi vinapokwama. Nyaraka zinazobadilika zinataka kila mtu atumie toleo la mwisho, awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kulipitisha, na matoleo ya zamani yawekwe pembeni yasipatikane kwa bahati mbaya. Ushahidi unataka asiwepo mtu anayeweza kuugusa, mkuu wa chuo akiwa wa kwanza kuzuiwa. Ukiuweka ushahidi kwenye folda ambamo watu wanahariri, utahaririwa. Na ukifungia nyaraka hai kama ushahidi, watu watazichukua kwa flashi na kuzibadilisha majumbani kwao.

Mfano unaoumiza zaidi ni matokeo. Afisa taaluma anayatunza kwenye Excel. Bodi ya mitihani inakaa, inapitisha, kila mtu anaenda nyumbani, lakini lile jedwali linabaki wazi kwenye kompyuta yake. Mwezi unaofuata anarekebisha alama moja ya mwanachuo aliyekata rufaa. Baada ya miaka miwili yapo majedwali manne yenye majina kama “matokeo final”, “matokeo final mpya” na “matokeo ya kutumia”, na hakuna anayejua lipi ndilo bodi ililiona. Dawa yake ni utaratibu wa siku moja. Siku bodi inapopitisha, jedwali linageuzwa PDF, linachapishwa, linasainiwa na mwenyekiti na katibu, linaskaniwa, na kuingizwa kwenye jalada la matokeo ambalo mfumo hauruhusu kulihariri wala kulifuta. Alama ikilazimika kubadilika, haibadilishwi kwenye karatasi ile. Inaandikwa taarifa ya marekebisho yenye sababu na saini, inawekwa folio (namba ya ukurasa ndani ya jalada) inayofuata, na zote mbili zinatunzwa.

Kwa nyaraka hai, kila moja iwe na mstari chini ya ukurasa: namba ya waraka, toleo, tarehe ya kuanza kutumika, na cheo cha mwenye dhamana nayo. Mkufunzi akichapisha fomu ya tathmini toleo la 2 wakati lililopo ni la 4, mstari huo unamfichua mara moja. Matoleo ya zamani yasifutwe. Mkaguzi anayeuliza kundi la 2023 lilifundishwa kwa mtaala upi hatajibiwa kwa mtaala wa leo.

Kuhesabu kilichopo

Tenga wiki mbili au tatu. Mtu wa masjala na mtu wa taaluma wapite chumba kwa chumba na jedwali lenye jina la kila waraka, anayeutengeneza, wanaoutumia, ulipo, kama ni wa karatasi au wa kompyuta, na kurasa unazozalisha kwa mwaka. Wafungue madroo. Waulize flashi. Waangalie na makundi ya WhatsApp ya wakufunzi, maana siku hizi ratiba nyingi na picha za mahudhurio zinaishi huko tu, zikiwa zimebanwa na programu hadi saini hazisomeki. (Picha ya waraka ikibidi itumwe kwa WhatsApp, itumwe kama faili, si kama picha. Ikitumwa kama faili haibanwi.)

Mtakachogundua ni kwamba waraka mmoja uko sehemu tano na haufanani. Kwa kila waraka amueni nakala rasmi ni ipi na iko kwa nani. Uamuzi huu unagusa watu, kwa sababu unamwambia mtu kwamba faili alilolitunza miaka mitano si rasmi. Mkuu wa chuo aufanye mwenyewe, kwa maandishi, asimwachie msaidizi wa kumbukumbu.

Mpango wa majalada

Majalada yapangwe kwa kazi ambazo chuo kinafanya, wala si kwa majina ya idara au ya watu. Idara huunganishwa na kugawanywa, lakini chuo kitaendelea kudahili na kutahini hata muundo ukibadilika mara tatu. Kwa chuo cha kawaida kazi kuu hazizidi nane: 10 utawala, 20 mitaala na vifaa vya kufundishia, 30 wanachuo, 40 mitihani na vyeti, 50 fedha na ununuzi, 60 watumishi na wakufunzi, 70 usajili na ubora, 80 kozi fupi na wateja. Kuruka kwa kumi kunaacha nafasi ya kuongeza bila kuvuruga. Ngazi ya pili ni aina ya shughuli, ya tatu ni mwaka au kundi. Ishieni hapo. Mpango wenye ngazi sita unapendeza kwenye karatasi, lakini kwenye Windows njia nzima ya faili kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260, na folda zenye majina marefu zilizozama ndani ya nyingine hufika hapo haraka. Faili linagoma kunakiliwa, au linarukwa wakati wa kutengeneza nakala rudufu.

Lipo jambo dogo linalosumbua ofisi zetu kila siku. Tumezoea kumbukumbu namba zenye mkwaju, kama 40/2/2025/18. Kompyuta haikubali mkwaju kwenye jina la faili. Kila katibu anajitafutia njia yake: mmoja anaweka nukta, mwingine kistari, wa tatu anaacha nafasi, na utafutaji unakufa. Amueni mapema kwamba kwenye barua mkwaju unabaki na kwenye faili unakuwa kistari, na liandikeni hilo kwenye mwongozo. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, 2025-03-14, kwa kuwa kompyuta ikipanga majina hayo kialfabeti yanajipanga pia kwa wakati. Ukianza na siku, tarehe 1 za miezi yote zitakaa pamoja.

Na msifungue jalada la “Mengineyo”. Likiwapo, ndani ya mwaka mmoja litakuwa kubwa kuliko yote. Waraka usio na mahali ubaki kwenye trei ya masjala hadi Ijumaa, mwenye dhamana ya mpango aupangie jalada au aongeze jipya.

Jalada la mwanachuo

Hii ndiyo aina ya jalada iliyo nyingi zaidi chuoni, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa kozi ya ufundi ya mwaka mmoja au miwili, ndani yake huwa na fomu ya maombi, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha darasa la saba au matokeo ya kidato cha nne, picha ndogo, fomu ya uchunguzi wa afya, fomu ya mdhamini, risiti za ada, barua ya kwenda mafunzo kwa vitendo, kitabu cha kazi kutoka huko, matokeo, na nakala ya cheti. Kwa wastani ni kurasa 25 hadi 35.

Kosa la kwanza ni kulitambulisha jalada kwa jina. Mwanachuo huyo huyo anaandikwa Mohamedi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohamed kwenye cheti cha shule, na Muhammad kwenye kitambulisho. Mwingine ana majina mawili ya shule na matatu ya NIDA, na mpangilio umegeuka. Utambulisho uwe namba ya usajili, mathalani 30-2025-0147, inayotolewa mara moja na isiyotumika tena hata mwanachuo akiacha masomo wiki ya pili. Jina linaandikwa kama lilivyo kwenye cheti cha shule, na majina mengine yanawekwa kwenye sehemu yake ya utafutaji. Hivyo faili la cheti cha kuzaliwa linaitwa 30-2025-0147_cheti-cha-kuzaliwa, na hakuna anayehitaji kukisia.

Kosa la pili ni kuacha fomu ya afya ndani ya jalada la kawaida. Jalada hilo linafunguliwa na mhasibu, mlezi wa bweni na mkufunzi wa zamu. Hakuna hata mmoja kati yao anayepaswa kujua kwamba binti fulani ana kifafa, isipokuwa pale usalama wake karakanani unapodai hivyo. Hapo anaambiwa anayehusika peke yake. Fomu za afya ziwe na jalada lao la siri. Hilo ni suala la utu kwanza, na pia ni la sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti na kuziwekea ulinzi wa ziada.

Kosa la tatu ni kuweka mahudhurio na matokeo ya kundi zima ndani ya jalada la kila mtu. Nyaraka hizo ni za kundi. Zikae kwenye 40, na jalada la mwanachuo lielekeze huko kwa namba.

Kwa kila waraka unaoingizwa, sehemu za lazima kujazwa zisizidi sita: namba ya jalada, aina ya waraka, tarehe ya waraka wenyewe, nani ameuandika, kiwango cha siri, na kundi au kozi. Inapowezekana aina ya waraka ichaguliwe kwenye orodha, isiandikwe kwa mkono. Ukiweka sehemu kumi na tano, watu watajaza “x”.

Muda wa kutunza

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka nyaraka za kodi zitunzwe kwa angalau miaka mitano, kwa hiyo risiti, ankara na vitabu vya hesabu havina mjadala. Matokeo yaliyopitishwa na rejista ya vyeti vitunzwe daima, kwa sababu mtu anaweza kuhitaji uthibitisho wa cheti akiwa na miaka hamsini. Maombi ya waliokosa nafasi hayana kazi baada ya mwaka mmoja, na kuyalundika ni kubeba taarifa za watu bila sababu. Jalada la mwanachuo aliyemaliza likae miaka mitano hadi saba, kisha lipunguzwe: matokeo na nakala ya cheti vibaki, mengine yaondoke.

Muda uhesabiwe tangu tukio fulani, usihesabiwe tangu siku ya kuskani. “Miaka mitano tangu kumaliza masomo” inahitaji mfumo ujue tarehe ya kumaliza. Hii ndiyo sababu tarehe hiyo iingizwe kundi zima kwa pamoja siku ya mahafali, wakati bado kuna anayekumbuka nani alimaliza na nani aliahirisha. Taasisi ya umma haiharibu kumbukumbu bila idhini ya Mkurugenzi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Chuo binafsi kiwe angalau na kamati ya watu watatu na rejista ya vilivyoharibiwa.

Sasa programu

Baada ya hayo ndipo mnazungumza na wauzaji, mkiwa na masharti mkononi. Programu itunze matoleo ya awali ya kila waraka. Iweze kufunga waraka uliopitishwa. Iandike nani alifungua, alibadilisha au alipakua nini na saa ngapi. Itoe ruhusa kwa cheo. Ikumbushe muda wa kutunza ukifika. Na sharti ambalo wengi hulisahau: iweze kutoa nyaraka zote pamoja na taarifa za utambulisho wake, kwa muundo unaosomeka kwingine, siku mkiachana na muuzaji. Asiyekubali kulionyesha hilo mbele yenu kwa nyaraka mia za majaribio, msisaini naye.

Chuo chenye watumishi chini ya kumi kinaweza kuanza na folda za pamoja zenye ruhusa zilizopangwa vizuri kwenye seva ndogo, yaani kompyuta moja inayotunza faili za ofisi nzima, mradi mpango wa majalada unafuatwa. Kikikua, zipo programu huria zisizo na ada ya leseni. Paperless-ngx inafaa kwa wingi wa karatasi zilizoskaniwa. Mayan EDMS ina uwezo mkubwa zaidi wa ruhusa, matoleo na mtiririko wa kuidhinisha, ila inahitaji fundi anayeijua. Huria hapa haina maana ya bure: mtalipa fundi wa kuiweka, kuihuisha na kufika inapogoma, na mtu huyo awe anapatikana Dodoma au aweze kuingia kwa mbali bila kusubiri wiki.

Paperless-ngx husoma maandishi kwenye picha kwa kutumia Tesseract, programu ya kusoma maandishi, ambayo ina Kiswahili. Kiswahili hakiwi kimewashwa chenyewe. Fundi akiacha Kiingereza pekee, barua zenu zitasomwa kwa makosa na utafutaji utarudi mtupu. Tena, usomaji huu ni wa maandishi ya chapa. Mwandiko wa mkono kwenye fomu ya maombi hausomwi kwa uhakika, ndiyo maana zile sehemu sita lazima mtu azijaze.

Hifadhi ya mtandaoni ya kulipia kwa mwezi inaondoa shida ya seva na umeme, ila inaleta maswali mawili. Intaneti yenu inatosha kupakia kurasa mia sita kwa siku? Na data inakaa nchi gani? Sheria ya taarifa binafsi ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na chuo kama mkusanyaji wa taarifa kinatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Yatatueni haya kabla ya kuhamisha jalada la kwanza.

Kuskani

Fanya hesabu kabla ya kuahidi. Chuo chenye wanachuo 240 kwa mwaka na kurasa 30 kila mmoja kina kurasa 7,200 za majalada ya wanachuo kwa mwaka, na miaka mitano ya nyuma ni kurasa 36,000. Kwa ukurasa wa wastani wa KB 200 hizo ni GB 7.2, zinazoenea kwenye flashi ya bei nafuu. Diski si gharama. Gharama ni mikono. Boksi la skana litasema kurasa 40 kwa dakika, lakini mtu anayenyofoa pini, kunyoosha kona, kuskani, kukagua na kujaza utambulisho, kwa kisio la tahadhari, atamaliza kurasa 600 kwa siku. Kwa hiyo hizo 36,000 ni siku 60 za kazi za mtu mmoja asiyefanya kingine chochote.

Ndiyo maana ni vibaya kuanza na ya zamani. Pangeni siku ya kuanzia, ikifaa mwanzo wa mwaka wa masomo, na kila kinachozalishwa tangu siku hiyo kiingie kwenye mfumo. Ya nyuma yaskaniwe yanapoombwa. Rejista ya vyeti na matokeo vitangulizwe peke yake, kwani ndivyo vinavyoulizwa na ndivyo visivyo na mbadala vikiungua.

Mpangilio wa skana: nukta 300 kwa inchi, rangi ya kijivu kwa maandishi ya kawaida, rangi kamili kwa cheti, mhuri na saini ya wino wa buluu, na hifadhi iwe PDF/A, aina ya PDF iliyowekwa viwango kwa ajili ya utunzaji wa muda mrefu. Nukta 200 zinasomeka kwa jicho lakini usomaji wa mashine unayumba, na nukta 600 zinakuza faili bila faida.

Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi, tangu Mei hadi Novemba, ni adui wa skana. Dalili yake ni mstari mwembamba mweusi unaoshuka ukurasa mzima, kila ukurasa, mahali palepale. Watu hudhani mashine imekufa. Chanzo huwa ni chembe iliyokaa kwenye kioo chembamba, kile cha pembeni ambapo karatasi zinazovutwa hupita, na kioo kikubwa kinaweza kuwa safi kabisa. Kifute kila asubuhi kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi chenye spiriti kidogo, pamoja na roli za kuvutia karatasi. Roli zenye vumbi huvuta karatasi mbili kwa pamoja, na ukurasa mmoja unapotea bila kelele. Kwa sababu hiyo kurasa zihesabiwe kabla na baada. Idadi isipolingana, jalada zima linarudiwa. Kwa kawaida kagua faili moja katika kila kumi, lakini matokeo na rejista ya vyeti kagua ukurasa kwa ukurasa.

Kuhusu nguvu ya nakala hizi kisheria, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na uzito wake unategemea jinsi zilivyotengenezwa na kutunzwa. Mfumo unaoonyesha nani aligusa nini na lini ndio unaoipa nakala yenu uzito huo. Picha ya saini iliyobandikwa kwenye Word haitoi uhakika wowote, kwa kuwa yeyote mwenye faili anaweza kuibandika kwingine.

Ruhusa, umeme na nakala rudufu

Ruhusa zifuate cheo. Mkufunzi anasoma 20 yote na kuingiza mahudhurio ya kundi lake. Mhasibu anaona 50 na sehemu ya ada ya 30. Fomu za afya ni za muuguzi au mshauri wa wanachuo pekee. Nywila ya pamoja, ile iliyobandikwa chini ya kibodi, inafuta faida yote ya mfumo, maana kila tendo litaandikwa kwa jina la mtu mmoja. Mtumishi akiondoka, akaunti yake ifungwe siku anayokabidhi funguo, na fomu ya makabidhiano iwe na mstari wa jambo hilo.

Umeme ukikatika seva ikiwa inaandika, kinachoharibika mara nyingi ni hifadhidata, na nyaraka zinabaki zikiwa hazina majina wala majalada. UPS (betri ya akiba) ya VA 1,500 inatosha seva ndogo na swichi ya mtandao, lakini iunganishwe na seva kwa waya wa USB ili iizime kwa utaratibu betri ikikaribia kwisha. Waya huo huachwa kwenye boksi katika ofisi nyingi mno. Betri huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, mapema zaidi kwenye chumba chenye joto.

Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva si nakala rudufu: ukifuta faili, linafutika kote papo hapo, na kirusi kinachofunga faili kitafunga zote mbili. Diski ya nje ichomolewe baada ya kunakili. Mara moja kila muhula, rudisheni jalada moja kutoka kwenye nakala kwenda kompyuta nyingine na mlifungue, pamoja na taarifa zake za utambulisho.

Karatasi zinazobaki

Baada ya kuskani, msikimbilie kuchoma. Kwa miezi sita ya kwanza karatasi zote zibaki, kwa mpangilio uleule wa namba, hadi mhakikishe kurasa hazikupotea. Rejista ya vyeti, matokeo yenye saini za wino, mikataba na hati za usajili zibaki daima kwenye kabati la chuma. Nyingine zifuate ratiba ya muda, na zikiharibiwa zichanwe kwa mashine. Zisiuzwe kwa kilo wala kufungiwa maandazi, maana zina namba za NIDA na za simu za watoto wa watu.

Dodoma ina mchwa, na mchwa hauli kabati la chuma, unapita kwenye nyufa za sakafu na ukuta kuyafuata maboksi. Makabati na rafu zisigusane na ukuta, ziachwe sentimita 15 nyuma na vilevile chini, ili njia ya udongo ikianza kupanda ionekane kabla haijafika kwenye karatasi. Kabla ya mvua za Desemba kagueni paa juu ya chumba hicho. Boksi faili la chini kabisa lifunguliwe kila mwezi, hata kama hakuna aliyeliomba.